JE, ELIMU YA MAGEUKO YAIKANUSHA IMANI YA UUMBAJI?

Miongoni mwa maswali yaletwayo mara kwa mara na watu wanaoichunguza dini, na hata na ndugu waliosilimu wakiwa wangali masomoni, hili ni mojawapo lililo zito. Kijana amefundishwa tangu utoto, msikitini au kanisani alikotoka, ya kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwumba mwanadamu. Kisha huingia darasani katika somo la biolojia akaambiwa kwamba viumbe vyote vyenye uhai vina asili moja, kwamba viligeuka kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na kwamba mwanadamu naye hakutengwa na kanuni hiyo. Mwalimu wa dini humwambia kuwa akiyasadiki hayo amekufuru. Rafiki yake aliyesoma zaidi humcheka kwa kuwa bado anasali. Basi kijana hujiona amesimamishwa baina ya milango miwili, na kila mlango una bawabu anayemwonya kwamba akiingia huku, kule hataingia tena.

Wapo walioiacha dini kwa jambo hili peke yake, wakidhani wamefanya ushujaa wa akili. Wapo pia walioyafunga madaftari yao ya sayansi wakidhani wamefanya ushujaa wa imani. Kwa maoni yetu wote hao wamelipa deni ambalo hakuna aliyewadai. Kazi ya Mungu na neno la Mungu haviwezi kupingana, maana mwenye kazi na mwenye neno ni Mmoja. Panapoonekana kupingana, ama tumeisoma vibaya kazi Yake, ama tumelifahamu vibaya neno Lake. Na tutazame, basi, kosa limekaa wapi.

Nini hasa kinachosemwa

Yatupasa kwanza kulijua jambo lenyewe, kwani wengi hubishana juu ya kitabu wasichokifungua. Charles Darwin, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1809, alizunguka dunia kwa merikebu iitwayo Beagle tangu mwaka 1831 hata mwaka 1836, akikusanya mimea, ndege, wadudu na mifupa iliyogeuka mawe. Alikaa na mawazo yake zaidi ya miaka ishirini bila kuyatangaza. Mwaka 1858 alipokea barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akifanya uchunguzi katika visiwa vya Malay, akakuta mtu huyo amefikia wazo lile lile kwa njia yake mwenyewe. Novemba 1859 Darwin akatoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe.

Wazo lenyewe si gumu. Watoto hawafanani kabisa na wazazi wao wala wao kwa wao, na tofauti nyingine hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kupata chakula na kukua. Kwa hiyo wale ambao tofauti zao zawafaa mahali walipo huacha kizazi kikubwa zaidi. Jambo hilo likirudiwa kwa muda mrefu sana, aina moja huweza kuwa aina mbili, na mbili kuwa nyingi. Darwin hakusema kuwa nyani wa leo amemzaa mtu. Alisema kuwa mtu na sokwe ni mfano wa wajukuu wa babu mmoja wa kale mno, na hapana kati yao aliyemzaa mwenziwe. Kwa hiyo ule mzaha unaopendwa sana katika mihadhara yetu, wa kuuliza mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu, haumgusi Darwin hata kidogo. Afadhali tuuache.

Je, kuna ushahidi? Hatuna haja ya kwenda mbali. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanawajua furu, wale samaki wadogo waliojaa miamba na vichaka vya ziwa lile. Wataalamu wamehesabu mamia ya aina zao zisizopatikana penginepo duniani, wengine wakiwa na taya za kuvunjia konokono, wengine za kukwangulia majani ya mawe. Na tope lililochimbuliwa chini ya ziwa laonyesha kwamba ziwa lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Vimelea vya malaria navyo vilizoea klorokwini mbele ya macho yetu, hata Tanzania ikalazimika mwaka 2001 kuacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo.

Mfano ulio mzito kuliko hiyo ni ule wa selimundu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Afrika Mashariki. Aliona kuwa wanaobeba chembe ya urithi ya ugonjwa huu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu yake. Mtoto aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wenyewe, na zamani wengi wao hawakufika ukubwani. Hivyo palipo na mbu chembe hiyo hubaki katika ukoo ijapokuwa inaua, na pasipo na mbu hupungua. Hii ndiyo kanuni ya Darwin ikifanya kazi ndani ya damu ya jirani zetu. Tutairudia habari hii baadaye, kwa sababu ndani yake mna swali gumu kuliko yote.

Ugomvi ulianzia wapi

Katika nchi za Kikristo ugomvi huu haukuanza na Mungu, bali ulianza na hesabu ya miaka. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, katika Ireland, alijumlisha umri wa mababu wanaotajwa katika Biblia pamoja na tarehe za wafalme, akatoa kwamba dunia iliumbwa mwezi Oktoba mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s. Alikuwa mtu wa elimu kubwa na alifanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini tangu mwaka 1701 tarehe zake zilipigwa chapa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, hata wasomaji wakadhani ni maneno ya Kitabu chenyewe. Wachimbaji wa miamba walipoonyesha kuwa dunia ni ya kale mno, watu waliona Kitabu kimeshambuliwa, kumbe kilichoshambuliwa ni hesabu ya askofu.

Juni 1860, katika mkutano wa wataalamu huko Oxford, Askofu Samuel Wilberforce na Thomas Huxley walijibizana juu ya kitabu cha Darwin. Yasimuliwa kwamba askofu aliuliza kwa dhihaka kama Huxley amezaliwa na nyani upande wa babu au wa bibi. Hapana aliyeyaandika maneno yao neno kwa neno siku ile, na kila upande ulirudi nyumbani ukijisifu kuwa umeshinda.

Kesi ya Dayton yafaa kuelezwa kwa urefu zaidi. Machi 1925 Jimbo la Tennessee, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwakataza walimu wa shule za serikali wasifundishe kwamba mtu ametokana na mnyama wa daraja ya chini. John Scopes, mwalimu mwenye umri wa miaka 24 katika mji mdogo wa Dayton, alikubali kushtakiwa ili sheria ile ipate kujaribiwa mahakamani. La ajabu ni kwamba kitabu cha biolojia alichokitumia, chenye kufundisha mageuko, kilikuwa kimeidhinishwa na Jimbo lenyewe! Upande wa mashtaka alikuwako William Jennings Bryan, aliyegombea urais wa Marekani mara tatu. Upande wa utetezi alisimama Clarence Darrow, wakili mashuhuri asiyekuwa na dini. Kesi ilirushwa kwa redio, na waandishi wa magazeti wakajaa mjini.

Tarehe 20 Julai baraza lilihamishiwa uani kwa sababu ya joto na wingi wa watu. Darrow akamwita Bryan mwenyewe awe shahidi juu ya Biblia. Alimwuliza habari za Yona na samaki, habari za jua kusimama siku za Yoshua, na mwisho habari za siku sita za uumbaji. Bryan, aliyekuja kuitetea Biblia herufi kwa herufi, akakiri kuwa huenda siku zile hazikuwa za saa 24, bali zilikuwa nyakati ndefu. Watetezi wengi wa Bryan walisikitika. Sisi twaona kuwa katika mambo yote aliyoyasema siku ile, hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na haki. Scopes alitozwa faini ya dola 100, na mwaka 1927 mahakama ya juu ya Jimbo ikaitangua hukumu kwa kosa la utaratibu, kwa kuwa faini ilikatwa na hakimu badala ya wazee wa baraza. Bryan hakuishi kuyaona hayo; alifariki siku tano baada ya kesi kwisha. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1967.

Wasimulizi wengi humfanya Bryan kuwa mjinga wa mchezo huo. Hatudhani hivyo. Bryan alikuwa na hofu ya kweli: aliona kuwa mafundisho ya mwenye nguvu kumshinda mnyonge yakihamishwa kutoka kwa wanyama hadi kwa mataifa, yatahalalisha vita na dhuluma. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Kitabu kile kile cha Scopes kilizipanga rangi za binadamu daraja kwa daraja na kuwaweka Wazungu juu. Sisi Waafrika hatuna haja ya kufundishwa matunda ya hesabu kama hiyo. Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ili watu waje wamtazame. Wachungaji weusi wa Kibaptisti walipinga kwa nguvu hata akatolewa. Mwaka 1916, akiwa Virginia, akajiua.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tutaje na upande wa pili. Karne nyingi kabla ya Darwin, watu walikuwa wakinunua na kuuza Waafrika huku wakiitegemea hadithi ya laana ya wana wa Hamu. Aliyetaka kumdhulumu mwenziwe alijitafutia hoja popote, katika elimu na katika dini pia. Na uchunguzi wa chembe za urithi, uliofanywa na wana mageuko wenyewe, umebainisha kwamba wanadamu wote wa leo ni ukoo mmoja ulioanzia Afrika, na kwamba ile ngazi ya rangi haina msingi. Kwa Mwislamu hilo si jambo jipya. Katika Sura Hujurat Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa watu wote wametokana na mwanamume na mwanamke, na kwamba aliye bora ni mcha Mungu zaidi. Na Mtume Muhammad s.a.w. katika hija yake ya mwisho akatangaza kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala asiyekuwa Mwarabu juu ya Mwarabu.

Kurani Tukufu yasemaje

Mwislamu anayeingia katika ubishi huu hana mzigo wa mwaka 4004. Kurani Tukufu haikutoa umri wa dunia. Yataja kuwa mbingu na ardhi ziliumbwa katika siku sita, lakini yaeleza pia, katika Sura Hajj na Sura Maarij, kuwa siku mbele ya Mungu yaweza kuwa sawa na miaka elfu, hata miaka elfu hamsini. Yaani neno siku maana yake hapo ni kipindi. Lile ambalo Bryan alilazimishwa kulikiri chini ya mti wa Dayton, Mwislamu amelikuta ndani ya Kitabu chake.

Tena zingatia mwendo wa maelezo yake juu ya uhai. Sura Anbiyaa yasema kila chenye uhai kimetokana na maji. Sura Nuh yatukumbusha kuwa Mungu ametuumba hali baada ya hali, kisha yaeleza kuwa ametuotesha kutoka ardhini kama mimea. Sura Dahr huanza kwa kuuliza kama haukumpitia mwanadamu wakati ambao hakuwa kitu cha kutajwa. Na katika Sura A'raf, mpango wa maneno ni wa kustaajabisha: kwanza wanatajwa watu kwa wingi kuwa wameumbwa, kisha kuwa wametiwa sura, na ndipo malaika wanaamriwa kumtii Adamu. Msomaji wa Biblia aliyezoea kumwona Adamu akifanywa kwa udongo mchana mmoja, peke yake duniani, yampasa asimame kidogo hapo.

Lakini tusivuke mpaka. Kurani Tukufu si kitabu cha biolojia, na si haki kuyachukua maneno haya na kudai kuwa nadharia ya Darwin yote imo ndani yake. Nadharia za wanadamu hurekebishwa. Atakayeifunga aya kwenye nadharia ya leo ataona haya kesho. Vilevile baadhi ya ndugu zetu hujivunia kwamba Ibn Khaldun, katika kitabu chake alichokiandika mwaka 1377, alitangulia kusema kwamba ulimwengu wa wanyama hupanda ngazi hata kufikia kwa mwanadamu, ukipitia kwa nyani. Ni kweli aliyasema, na yafaa kujua kuwa jambo hili lilipata kusemwa na mwanachuoni wa Kiislamu bila mtu kumkufurisha kwa ajili yake. Lakini yeye alieleza daraja za viumbe zilivyopangika. Namna uteuzi wa kimaumbile unavyofanya kazi hakuieleza. Tumpe heshima yake, tusimpe na ya Darwin.

Adamu alikuwa nani

Hapa ndipo penye fundo. Wengi, Waislamu na Wakristo, huamini kuwa kabla ya Adamu hapakuwa na mtu hata mmoja, na kwamba tangu yeye mpaka sasa haijapita zaidi ya miaka elfu sita au saba. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kila fuvu la kale ni adui wa dini.

Mei 1908, siku chache kabla ya kufariki kwake tarehe 26 ya mwezi huo, Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alitembelewa mjini Lahore na Clement Wragge, mtaalamu wa elimu ya hali ya hewa aliyejulikana sana Australia. Wragge alimwuliza maswali mengi, na moja lilikuwa juu ya Adamu: je, watu wa Amerika na Australia nao ni watoto wake? Masihi Aliyeahidiwa a.s. alimjibu kuwa sisi hatufuati usemi wa kwamba dunia ilianza na Adamu huyu miaka elfu sita au saba iliyopita na kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Wala hatudai kwamba wanadamu wote waliotawanyika duniani ni kizazi chake yeye. Mtu asidhani kuwa huu ni uzushi uliotungwa kwa kuiogopa sayansi. Muhyiddin Ibn Arabi, aliyefariki mwaka 1240, amesimulia katika kitabu chake kikubwa cha Futuhat njozi aliyoona watu wakiizunguka Kaaba, wakamjulisha kuwa Adamu hakuwa mmoja tu.

Kwa hiyo Waislamu wa Ahmadiyya hufahamu kuwa Adamu a.s. anayetajwa katika Kurani alikuwa Nabii wa kwanza wa kipindi chetu, aliyepewa sheria na ukhalifa katikati ya watu waliokuwako. Sura Baqara yasema Mungu alikusudia kuweka khalifa katika ardhi, na malaika wakauliza habari za kumwaga damu. Swali hilo lafahamika vizuri zaidi ikiwa tayari walikuwako viumbe waliojua kugombana. Udongo aliotolewa Adamu ndio udongo wetu sote. Na pumzi aliyopuliziwa ni ufunuo uliomfanya kuwa Nabii.

Mawe ya Olduvai

Katika Sura Ankabut Mungu anawaamuru watu watembee katika ardhi na kutazama namna alivyoanza kuumba. Sijui amri gani nyingine ya Kitabu iliyotekelezwa sana katika nchi yetu na watu wasiokuwa na habari nayo. Olduvai, lile bonde la Tanzania ya kaskazini lililopata jina kutokana na oldupai, mkonge mwitu wa Wamasai, lilichimbwa kwa miaka mingi na Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa wamisionari, pamoja na mkewe Mary. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini kwa homa; Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akaona meno na mfupa wa fuvu. Wakaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, kwa jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu. Lilipopimwa umri wake kwa kutumia majivu ya volkano yaliyolifunika, likaonekana kuwa na miaka ipatayo 1,750,000.

Leakey alidhani amempata babu wa mwanadamu. Baada ya miaka michache, kwa mifupa mingine iliyopatikana bonde lile lile na kupewa jina la Homo habilis mwaka 1964, ikabidi mtu wa Zinji aondolewe katika ukoo wetu na kuwekwa tawi la pembeni. Wapinzani wa elimu hii hushangilia mageuzi kama hayo, na hupenda kutaja pia fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 na kugunduliwa mwaka 1953 kuwa ni fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani. Ulaghai ulikuwa mkubwa, hapana shaka. Lakini ni nani walioufichua? Ni wataalamu wenyewe, kwa vipimo vyao wenyewe. Afadhali tuwaige katika kujihesabu kuliko kuwacheka.

Mwaka 1978, huko Laetoli, kiasi cha kilomita 45 kusini ya Olduvai, kikundi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano yapata miaka 3,660,000 iliyopita. Kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu, na kisigino kimekanyaga kama chetu. Tena mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya, aligundua karibu na Ziwa Turkana kijana ambaye mifupa yake karibu yote imesalia, mwenye miaka ipatayo milioni moja na nusu. Mbele ya nyayo hizo mwenye kuishika miaka elfu sita hana la kufanya ila kufumba macho. Sisi hatuhitaji kuyafumba.

Maswali matatu yasiyokwepeka

Yupo atakayesema: ikiwa yote yalikwenda kwa kanuni na kwa bahati nasibu, Mungu ana kazi gani? Neno bahati, kinywani mwa mtaalamu, lina maana ndogo. Asema tu kwamba tofauti mpya hazitokei kwa kuangalia haja ya kiumbe. Mkulima amwagapo ulezi kwa mkono, kila punje huanguka inapoanguka, wala huwezi kuibashiria. Lakini hapana anayesema shamba halina mkulima. Anayetoka katika biolojia na kutangaza kuwa hakuna makusudi ulimwenguni ameacha kusema kama mtaalamu, anasema kama mwenye itikadi. Darwin, ambaye mwisho wa maisha yake alijihesabu kuwa hana hakika juu ya Mungu, aliandika katika barua ya mwaka 1879 kuwa mtu aweza kumwamini Mungu kwa dhati na wakati huo huo akakubali mageuko. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa mtetezi wake mkubwa, alikuwa Mkristo mwenye kusali. Na Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifa wa Nne, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1998 juu ya ufunuo, akili na elimu, aliukubali uumbaji wa hatua kwa hatua, na akapinga kwa urefu kwamba uteuzi wa kipofu peke yake watosha kueleza viungo na hisi za viumbe. Wataalamu wengi wa biolojia hawakubaliani naye katika hilo la pili, na msomaji ana haki ya kulijua, mjadala unaendelea.

Swali la pili ni la roho. Wengine hukubali mwili utokane na wanyama, kisha husema roho ilishushwa kutoka nje ikaingizwa kama ndege katika kizimba. Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba iliyosomwa mkutanoni Lahore, Desemba 1896, alifundisha kinyume cha hayo: roho huchipuka ndani ya mwili wenyewe unapotengenezwa tumboni mwa mama, kwa amri ya Mungu, kama moto uliofichika ndani ya jiwe la gumegume. Akaonyesha pia kuwa hali za kimaumbile za mtu, zile anazoshirikiana na wanyama, hazitupwi, bali huongozwa na akili zikawa tabia njema, na tabia njema zikakua kuwa hali za kiroho. Mwenye kuyafahamu mafundisho haya haoni aibu kuambiwa kuwa mwili wake una ukoo wa chini. Kila mmoja wetu alikuwa tone la maji dhaifu miezi tisa kabla ya kuzaliwa, na hapana anayesema kwamba kwa sababu hiyo hana heshima.

La tatu ni lile la selimundu. Mama anayemwuguza mtoto huku viungo vikimchoma usiku kucha hasaidiwi na kuambiwa kwamba chembe iliyomtesa mwanawe ndiyo iliyowaokoa watoto wa jirani na malaria. Hapa waandishi wa dini huandika upesi mno. La kwanza la kusema ni kwamba mtoto huyo hakuadhibiwa. Uislamu hauijui dhambi ya kurithi, wala ugonjwa wa kurithi si hukumu. La pili, kanuni moja iliyoleta maumivu ndiyo iliyoleta pia hisi ya kuyatambua, na moyo wa mama unaoamka usiku. Maelezo hayo hayaondoi machozi, wala Kurani haikuahidi kuyaondoa hapa duniani. Imeahidi kuwa hakuna subira itakayopotea. Na la tatu ni wajibu: elimu hii hii inayoogopwa ndiyo inayowawezesha wachumba kupimwa damu kabla ya ndoa, wakajua hatari iliyo mbele yao. Msikiti unaowakataza vijana wake wasijifunze urithi wa viumbe unawaficha jambo ambalo kesho litawagharimu watoto.

Kijana mmoja alituuliza aandike nini katika mtihani wake wa biolojia, akihofia kuwa jibu sahihi darasani litakuwa dhambi mbele ya Mungu. Aandike aliyofundishwa, pamoja na ushahidi wake, kwa ukamilifu kadiri awezavyo. Na akiulizwa mtaani kama Adamu alikuwa na mama, ajibu kwa utulivu kuwa ndiyo, ndivyo tunavyofahamu sisi. Kisha amfungulie mwenziwe Sura A'raf wakae waisome pamoja.